Safari ya Visiwa na Jina la Mukagasana

— Bibi gani? aliuliza karani bila kuinua kichwa. Ule mwenye ameandikwa humu, ao huyu mwenye anasimama hapa?

Émérance alicheka. Alidhani ni mzaha wa ofisini. Kisha akamwona Habarurema, mchumba wake wa miaka miwili, akinyoosha mkono haraka kuchukua buku yake ya kitambulisho, na kicheko kikamkauka mdomoni.

— Papa karani, soma hiyo jina, alisema Émérance.

— Mukagasana, wa Kibati. Bibi. Batoto batatu. Tangu cinquante-trois.

Mke na watoto katika buku ya mchumba wake, tangu mwaka wa 1953, miaka mitatu! Wengine huvunjwa moyo na barua iliyosahauliwa mfukoni. Huyu binti alivunjwa moyo na karani wa Teritwari, ofisi ya serikali ya wilaya, mchana kweupe, mbele ya foleni ya watu waliotega masikio yote.

Mwaka ule wa 1956, ukitaka kuondoka Goma kwa muda mrefu ulihitaji karatasi ya ruhusa, na mke alisafiri kwa buku ya mume. Ndiyo maana walikuwa pale. Walitaka kuoana, kisha wapotee ziwani kwa wiki kumi, wakipiga mbizi kisiwa kwa kisiwa. Watu waliwacheka. Nani anaingia majini kwa kutazama tu? Lakini Habarurema alikuwa mpiga mbizi wa kampuni moja ya bandarini. Mzigo ukianguka kutoka mashuani, yeye ndiye aliyezama kuutoa, na alikuwa na miwani ya majini aliyoachiwa na Mzungu mmoja aliyerudi kwao. Siku moja alimvalisha Émérance miwani ile, akamshika mkono, wakazama pamoja. Émérance akaona mawe meusi ya volkano yameganda chini ya maji, samaki wanapita katikati yake, na tangu siku hiyo hakutaka zawadi nyingine duniani.

Alikuwa mshonaji, basi akachora njia yao kwenye karatasi ya kukatia nguo: Tshegera kwanza, kisha Idjwi pande zote mbili, kisha visiwa vidogo hadi Bukavu. Wangelala misheni na kwa wavuvi. Habarurema angewatolea wavuvi nyavu na nanga zilizozama, nao wangewapa samaki. Chakula cha kuanzia Habarurema alikuwa anakileta kidogo kidogo tangu Januari, maharage, unga na mafuta, na magunia matatu yalikuwa tayari chini ya kitanda cha Émérance.

Nje ya ofisi Habarurema alimshika mkono, naye akaunyakua.

— Ni bibi ya kaka yangu, marehemu Ntirenganya. Alipokufa, kampuni yetu ilitaka kumufukuza huyu mama na batoto ku kampi, ku nyumba ya batumishi, bila kitu. Nikamuandika ku jina yangu. Ni karatasi tu, Émérance!

— Miaka mbili unasema unanipenda. Hiyo karatasi ulishindwa kuitaja hata siku moja?

— Niliogopa utanikataa. Nilikuambia tungoje mwezi ujao, ungenisikia...

— Juu ya nini mwezi ujao? Nini itabadilika mwezi ujao?

Habarurema akaitia buku mfukoni.

Swali hilo ndilo lililompandisha Émérance kwenye lori la mboga kwenda Kibati mchana ule ule. Alimkuta Mukagasana uani, anamenya viazi vitamu, mwanamke mwembamba mwenye sauti ya chini. Watoto watatu walikuwa wamekaa karibu na sufuria wakiingoja.

— Weye ni ule mushonaji mwenye shemeji anasema, alisema Mukagasana. Karibu, dada. Ikala.

— Mama, nisamehe. Uko bibi ya Habarurema?

— Bwana yangu iko ku kaburi. Shemeji alitusaidia tu. Bila yeye tungekufa na njaa ule mwaka, siwezi kusema uongo.

— Na sasa anawasaidia?

Mukagasana aliweka kisu chini.

— Kampuni inamupa posho yangu na ya batoto kila mwezi, maharage, unga, mafuta. Mbele alileta yote. Tangu Januari analeta chumvi na sabuni. Anasema kampuni imepunguza.

Januari. Yeye mwenyewe aliyapanga yale magunia. Yeye mwenyewe aliyashona midomo kwa uzi wake, akiimba.

— Dada, unanisikia?

— Endelea tu, mama.

— Nilimuomba aondoe jina yangu, mara mbili. Kuko katekista wa Rutshuru, alifiwa na bibi yake, anataka kunioa. Padiri anasema haiwezekani, buku inasema niko bibi ya mutu. Shemeji kila siku ananijibu, ngoja kidogo.

Kengele ya baiskeli ililia njiani. Habarurema aliingia uani jasho linamtiririka, shati limemganda mgongoni.

— Émérance, acha nikuelezee...

— Maharage ya chini ya kitanda yangu ni ya nani?

Habarurema akaanza kuiegemeza baiskeli ukutani.

— Habarurema! Ni ya nani?

— Nilitaka uone visiwa, alisema, sauti imemkatika. Nilisema tukirudi nitabarudishia yote. Sikuiba kwa mutu. Ni posho yenye iko ku jina yangu!

— Iko juu ya hii batoto! Batazame! Batazame mu macho!

Hakuwatazama.

— Nilifanya juu yako, alisema.

— Usiniwekee huo muzigo. Ungeniambia kweli, ningekula viazi wiki kumi. Ningekaa Goma mpaka kufa bila kuona kisiwa hata kimoja, na ningefurahi na weye.

Sasa wote wawili walikuwa wanalia. Msinitake nimwite Habarurema shetani. Alimpenda binti yule kweli kweli, na alianza kwa huruma, tena huruma ya mwanaume kamili. Ila tamaa ya kumfurahisha mpenzi ilimla polepole mpaka akaanza kuwapunja watoto wa kaka yake, huku akisema anakopa tu.

Émérance alijifuta uso kwa kitenge.

— Sikia. Kesho asubuhi twende ku Teritwari, uondoe hii jina. Magunia yote tatu yapande lori, yarudi hapa. Safari ife. Kisha tuoane, hata bila kitu. Unakubali?

Alimngojea. Moyo wake wote ulikuwa pale, ukiomba neno moja tu.

— Mwezi moja tu, Émérance, alisema Habarurema. Jina ikitoka, posho inakwisha. Ya mwisho iingie kwanza, tumalize kupanga, kisha...

— Shemeji! alisema Mukagasana. Ee Mungu wangu.

Émérance hakupiga kelele. Aliomba daftari ya mtoto mkubwa, akachana ukurasa, akaandika juu ya goti lake, akimsomea Mukagasana kila mstari kwa sauti:

"Kwa Bwana Mkubwa wa Teritwari. Mimi Mukagasana wa Kibati siko bibi ya Habarurema. Bwana yangu Ntirenganya alikufa mwaka wa 1953. Habarurema ni shemeji. Ninaomba jina yangu na ya batoto yangu yatoke katika buku yake."

— Ni vile, mama?

— Ni vile kabisa.

Mukagasana alipaka kidole gumba masizi ya sufuria, akakibandika chini ya maandishi. Habarurema alitazama mpaka mwisho, mabega yamemshuka. Kisha akanyoosha mkono.

— Nipe. Kesho nitaipeleka mimi. Naapa kwa jina ya Mungu, nitaipeleka.

Pengine alikuwa anasema kweli. Émérance alimtazama, na hata dakika ile alimpenda, na alijua atampenda muda mrefu bado. Akaikunja barua mara nne, akaitia kifuani.

— Apana. Nitaipeleka mwenyewe, na magunia yatarudi hapa.

Habarurema akabaki amesimama, mkono umenyooka. Lori la kushuka Goma lilipiga honi barabarani, na Émérance akapanda peke yake.