Kinyozi wa Chumba cha Panya

Asubuhi hiyo chumba cha panya kilinukia mafuta ya nywele. Mtunzaji wao alishangaa, maana katika maabara ile hata sabuni ya manukato ilikatazwa, na ufunguo alikuwa nao yeye tu.

Katika kizimba cha mwisho, panya wote saba walikuwa na vipara mgongoni.

"Usiogope, dada," daktari wa wanyama alicheka. "Hao hawajapewa dawa yoyote. Ni maradhi yao wenyewe. Panya mmoja huwang'oa wenzake manyoya, sisi tunamwita kinyozi. Mtafute asiye na kipara, umtenge."

"Wote wanavyo, daktari."

"Basi tenga kila mmoja peke yake."

Akawatenga. Kesho yake wote walikuwa weupe kama viganja, bila unyoya hata mmoja.

Mtunzaji alikuwa mjane, amezoea kuongea na panya kwa kukosa wa kuongea naye. Alimwinamia mdogo kuliko wote.

"Pole, mwenzangu. Na mimi mwanangu akilala nabaki na kuta. Ungekuwa mtu, ningekukaribisha kwangu."

"Ahsante," sauti ikanong'ona nyuma ya sikio lake.

Aligeuka, hakuna mtu. Akafunga mlango, akatoka mbio, lakini ile harufu ya mafuta ikawa naye kwenye korido, ikawa naye barabarani kati ya watu wasiomtazama, na alipofungua mlango wa kwake ikamtangulia kuingia.

Alfajiri bintiye wa miaka sita aliketi kitandani, ameshika msuko mkononi.

"Mama, mbona umeninyonyoa?"

"Nani, mimi?"

"Si ulikuwa unaimba? Nimeumia."

Nusu ya kichwa cha mtoto ilikuwa laini.

Siku hiyohiyo mtunzaji akampeleka mtoto kwa dada yake.

"Na wewe lala hapa," dada alimsihi kwa sauti ya chini. "Utakaaje peke yako?"

"Kitu hicho nilikikaribisha mwenyewe, dada. Nikija, kitakuja."

"Mama, utarudi kesho?" mtoto aliuliza.

Alasiri aliketi chumbani kwake, jua bado linawaka dirishani. Harufu ikaja, kisha wimbo, kisha vidole visivyoonekana vikapita taratibu kichwani mwake, vikachagua unywele mmoja, vikauvuta, vikachagua mwingine. Alitaka kupiga kelele. Lakini tangu amzike mumewe, hakuna aliyewahi kumgusa kichwa.

Akainamisha shingo, ili kifike na upande wa pili.