Chaja Iliyosahaulika

Haya yalimkuta rafiki yangu mmoja, fundi cherehani, asubuhi ya safari ya likizo. Mumewe alishawasha gari, watoto wao wawili wameketi nyuma, naye amerudi ndani mara ya tatu: kwanza kofia, kisha dawa, sasa chaja.

"Mama, tutachelewa!" binti alipiga kelele kutoka garini.

"Kwani mimi nina mikono mingapi?" alifoka.

Mapazia yalikuwa yamefungwa, sebule giza kama stoo. Akapapasa ukutani, akaichomoa chaja, akatoka na kufunga mlango kwa ufunguo huku akisonya.

Kabla hajageuka, akasikia komeo la ndani likisukumwa polepole, kwa uangalifu, mpaka likagota.