Ukumbi Mbona Kimya?

Jumamosi hiyo Ifakara ilikuwa Ifakara tu. Jua linachoma, mashine za kukoboa zinanguruma, kila ua umeanikwa mpunga juu ya turubai, na Amedeus hana kazi.

Hakuwa na kazi tangu avue joho. Digrii ya mambo ya sauti na utangazaji, upper second, cheti kimefungwa ndani ya nailoni ili mchwa wasije wakakisoma kabla ya mwajiri. Kila ofisi aliyoomba ilimjibu Kiingereza kilekile: we will get back to you. Get back wapi? Hata simu ya kukosea namba haikuja. Wanataka kijana mbichi kabisa, halafu mwenye experience ya kutosha kustaafu. Yaani ulitakiwa uanze kazi ukiwa bado unacheza mdako.

"Msomi wetu umeamka?"

Ndiyo ilikuwa salamu ya Margareta, mama Fulgensi, jirani wa nyuma ya uzio wa mabanzi. Sauti yake ilifika mpaka stendi bila kipaza.

"Shikamoo, mama Fulgensi."

"Marahaba! Heshima unayo, kazi ndiyo huna. Digrii inapika ugali leo, au tuwapimie unga?"

Akacheka kicheko chake kirefu, huku akigeuza mpunga wake kwa miguu. Amedeus akameza. Kwa sababu siku hiyo, for once, alikuwa na jibu. Halijaiva tu.

Kampuni moja ya Dar ilikuwa inakusanya muziki wa dansi wa zamani, na ilitaka mtu wa kusafisha rekodi kisha kuzitangaza redioni kwa sauti yake mwenyewe. Msimamizi, Bwana Marcelino, alishamsikia kwenye simu. "Una sauti, mdogo wangu. Sauti ya redio kabisa." Kilichobaki ni mtihani mmoja: alete rekodi ya live ambayo haijasikika popote.

Live anayo. Kanda ya Lumemo Jazz, dansi la kufunga mavuno, ghala la mpunga pale Idete. Babu yake, mzee Tadei, ndiye aliyeirekodi, kipaza sauti kakining'iniza kwenye kenchi. Haukupita muda mtumbwi uliobeba bendi ukapinduka wakivuka mto kwenda ng'ambo ya Ulanga. Magitaa yaliokotwa yakielea. Watu, mpaka leo hawajaonekana.

Amedeus aliijua kanda ile kama Baba Yetu. Studio wangepiga nyimbo zilezile, wakazifua, wakazinyoosha, zikatoka kama shati la mwombaji kazi. Humu mlikuwa na watu. Kuna mwanamke anacheka kabla tu saksafoni haijaingia, na ukitega sikio unajua mpuliza saksafoni alimsikia, maana anaanza kwa kukiiga kicheko chake. Kuna chupa inaanguka sakafuni, mpiga ngoma ya tumba anaijibu papo hapo. Mtu wa nyuma analalamika kakanyagwa. Mzee anakohoa karibu kabisa na kipaza, na huyo ni babu.

Halafu kuna Dionisi, mwimbaji. Yeye alikuwa na mtindo wa kusimamisha wimbo na kuita mtu kwa jina. "Agapiti yupo?" Agapiti anajibu "Nipo!" na ghala zima linalipuka. Kama muitwaji hayupo, mtu wa nyumbani kwake anaitikia kwa niaba yake. Ilikuwa adabu ya dansi. Jina halikuachwa hewani.

Nakala alishamtumia Marcelino, na asubuhi hiyo Marcelino akapiga simu.

"Bendi kali sana, mdogo wangu. Ila kelele. Hao watu watoe."

"Bro, hao watu ndio rekodi yenyewe."

"Client anataka clean."

"Bila ukumbi hawa wanapiga mazoezi tu. Sikiliza saksafoni inavyoingia..."

"Amedeus. Kazi unaitaka au huitaki?"

Swali gani hilo la kumuuliza mtu ambaye mpaka vocha ananunuliwa na mama yake?

Akakaa kwenye laptop, akawafuta. Programu ilikuwa nzuri, kazi yenyewe ya kishenzi. Mwanamke wa kicheko, futa. Chupa, futa. Agapiti na "nipo" yake, futa. Alipofika kwenye kikohozi cha babu mkono ulisita. Akafuta.

Akatuma faili Dar. Kisha akaweka spika dirishani, asikilize alichokifanya.

Safi. Safi kama chumba cha maiti. Saksafoni ilicheka peke yake, haikumjibu mtu. Tumba ikaitikia chupa ambayo haikuanguka. Amedeus alikuwa anatukana kimoyomoyo, kampuni, client, nchi nzima, wakati gitaa la solo lilipokatika ghafla.

"Ukumbi mbona kimya?" akauliza Dionisi.

Maneno hayo hayakuwemo kwenye kanda.

Amedeus akatazama skrini. Wimbo ulikuwa umefika mwisho. Mstari wa sauti ulikuwa bapa. Gitaa likaanza tena, polepole, kama mtu anayesubiri wageni.

"Margareta yupo? Margareta!"

Nje, mama Fulgensi aliinua kichwa. Akacheka. "Heee, msomi, umeniweka kwenye muziki! Nipooo!"

Ndani ya spika, ghala likalipuka kwa makofi. Aliyeitikia ni mtu mmoja tu, lakini yalisikika makofi ya ghala zima.

Kuku walikuwa wameparamia turubai la Margareta. Aliwageukia awafukuze. Mikono ilipunga. Mdomo ulifunguka, ukafungika. Haikutoka sauti. Akajaribu tena, akajishika koo, akamtazama Amedeus kupitia dirishani kwa macho makubwa. Kuku waliendelea kula mpunga.

Na ndani ya spika, nyuma ya saksafoni, mwanamke akauliza, "Digrii inapika ugali leo?" Akacheka kicheko kirefu.

Saksafoni ikakiiga.

Amedeus alibonyeza kitufe cha kusimamisha. Muziki haukusimama. Akachomoa waya wa spika. Haukusimama. Akafungua faili la kwanza, lile lenye watu wote, awarudishe. Hawakuwemo. Akachukua kanda yenyewe, akaitumbukiza kwenye redio kaseti ya babu. Bendi ilikuwepo. Ukumbi ulikuwa mtupu. Hata babu hakukohoa.

Basi akaelewa. Wale waliokuwa wamekaa humo miaka yote, wakiwaitikia wafu wale, aliwatoa yeye. Na bendi haiwezi kupiga bila watu.

"Yosefina yupo?"

Yosefina ni mama yake.

Alikuwa jikoni, uani, akipepeta mchele. Kesho yake alikuwa aongoze kwaya kanisani, misa ya kwanza ya padri mpya. Sauti ya mama Yosefina ndiyo iliyomlea Amedeus, ikamlipia na ada, maana aliitwa kuimba kila penye harusi na msiba, kuanzia hapa mpaka Chita. Hana kitu kingine.

"Yosefina!"

Nyumbani kwao mtoto akiitwa na mkubwa anaitikia kwanza, kujua anaitwa na nani ni baadaye. Mama alilelewa hivyo Mahenge, akamlea hivyo na yeye, kwa kofi. Amedeus alikimbia. Alimkuta amesimama, ungo mkononi, uso umegeukia dirishani, midomo inafunguka.

"A..."

Akamziba mdomo kwa kiganja.

"Usiitikie, mama."

Mama akamtoa mkono. "Kuna mtu ananiita, baba," akanong'ona.

"Sio mtu."

"Ni mkubwa huyo. Nitamnyamazia mkubwa?"

"Nakuomba. Nakuomba, mama."

Muziki ulipungua. Ikabaki tumba peke yake. Taratibu. Kama moyo.

"Yosefina hayupo?" Dionisi alikuwa na upole wa ajabu. "Basi mtu wa nyumbani kwake."

Tumba.

Koo la mama lilipanda na kushuka. Miaka yote ya adabu ilikuwa inasukuma lile neno juu. Amedeus aliliona linakuja.

Akawahi.

"Nipo!"

Makofi.

Kisha muziki ukakoma. Kuku, mashine za kukoboa, pikipiki barabarani, vyote vikarudi masikioni.

"Ame?" mama akasema. Sauti yake ilikuwepo, nzima. "Ame, baba, umefanya nini?"

Alitaka kumwambia usijali. Ulimi ulicheza, meno yaligongana. Haikutoka hata sauti ya pumzi. Akalia, na kilio nacho hakikuwa na mlio.

Simu ikaita mezani chumbani, wakaikimbilia wote wawili. Marcelino. Mama ndiye aliyebonyeza, akaweka loudspeaker.

"Amedeus! Client kachizika! Kazi ni yako, mdogo wangu, Jumatatu unaanza. Unanisikia?"

Amedeus alifungua mdomo. Miaka yote ya kusubiri simu hiyo. Mama alivuta pumzi amweleze, lakini Marcelino tayari alikuwa anacheka.

"Basi, basi, usishukuru hivyo, utaniliza. Ila punguza huo muziki wa nyuma, sikupati vizuri."

Mule chumbani hapakuwa na muziki wowote, wala mtu aliyeshukuru. Mama na mwanawe wakatazamana.

"Eti nini? Unakuja nao wote?" Marcelino akanyamaza, akawa anamsikiliza mtu. "Hamna shida, sehemu tunayo kubwa. Huyo mama anayecheka naye yumo? Haya, mje tu."

"Baba, kata simu," mama akapaza sauti. "Wewe wa Dar, kata simu!"

Marcelino hakumsikia.

"Subiri kidogo. Nani anaita hapo? Anamwita nani?" Akacheka tena, kicheko kifupi, cha mtu asiyejua aseme nini. "Ananiita mimi? Kanijuaje huyo mzee?"

Mama akaigonga ile alama nyekundu. Akaigonga tena. Haikukata.

"Nipo, mzee," akasema Marcelino kwa heshima. "Nipo!"

Kimya.

Simu ilibaki imeunganishwa, muda unatembea kwenye kioo, upande wa pili hakuna anayepumua. Mama aliinua ukingo wa kanga, akaiokota nao kama mtu anayeokota kitu kilichokufa. Maji yalikuwa yanachuruzika kwenye vitundu vya spika, ya kahawia, yakidondoka mezani tone kwa tone. Yalinuka matope ya mto.