Walisema Nimevujisha Albamu ya Halko

Muziki ulikatika katikati ya mstari.

Nikadhani mitambo imezingua. Kwenye ua wa kile kiwanda cha zamani hapa mjini Tampere, umeme hukatika kila kiangazi na tumeshazoea. Nikainua macho kumtazama Halko jukwaani, nikakuta ananitazama mimi.

"Mnamwona huyo dada wa koti la njano, mstari wa mbele?" alisema kwenye maiki. Aliongea taratibu, kama mtu anayeelekeza njia.

Watu mia sita wakageuka.

"Anaitwa Outi. Tumekua jengo moja. Ndiye aliyevujisha albamu yangu."

Nilicheka. Wallahi nilicheka, nikidhani ni utani wa jukwaani.

"Kopi za kusikiliza kabla albamu haijatoka zilikuwa saba tu," akaendelea, "na kila kopi ina alama yake ya siri. Ya Outi iko wimbo wa nne, ubeti wa pili. Ngoma inaruka pigo moja. Sasa sikilizeni kile kitu kilichozagaa mtandaoni tangu Jumanne."

Akampa ishara di-jei. Wimbo ukapigwa. Ubeti wa pili ukafika...

Ngoma ikaruka pigo moja.

Ilikuwa saa kumi na nusu alasiri, jua la Juni linawaka, hakuna hata kivuli cha kujifichia. Kikombe cha kwanza cha bia kilinipata begani. Cha pili kilikuja na sahani ya soseji nyeusi za mji wetu, jamu yake na kila kitu.

Ndugu zangu mnaosoma hapa, bia inafulika. Kilichonikata maini ni kwamba palepale, nimelowa hivyo, nilimjua aliyevujisha. Kopi yangu nilikuwa nimempa mtu mmoja tu duniani. Na nilikuwa nimemwapia kwamba sitamtaja.

Kwa wale wageni kwenye ukurasa huu, mimi ni Outi, fundi wa miwani mchana, shabiki wa rap saa zote zilizobaki. Mwaka wa tisa huu naandika kuhusu shoo za mji wetu na albamu mpya. Sina upole. Biti ikiwa imenakiliwa nasema imenakiliwa. Mwaka huu nimesikiliza albamu kumi na nne za vijana wa hapa na kumi na moja kati yake ni mtu yuleyule analia kwenye mashine ya kunyoosha sauti, anabadilisha kofia tu. Nimewahi kuitwa mchawi kwa kuandika hivyo.

Halko ni tofauti. Jina lake la nyumbani ni Eero. Yule bwana anachana mistari mpaka unasahau kupumua. Kopi yake iliponifikia mwezi wa nne niliisikiliza mara tisa kwa siku moja, na nikamwandikia hivi, naona aibu hata kurudia: "Lile pigo lililokosekana wimbo wa nne ni ufundi mtupu. Kama moyo umesita."

Alama ya kumkamata mwizi, mimi naisifia kama sanaa!

Sasa huo wimbo wa nne. Eero anaimba kuhusu baba yake, mzee Reijo. Anaimba kwamba baba yake alikufa siku moja na mama, ila bado analipa kodi ya nyumba.

Mzee Reijo yuko hai. Ana miaka sabini na mbili, anaishi ghorofa ya tatu kwenye lile jengo tulilokulia.

Kisa ni msiba. Miaka saba iliyopita mama yake Eero alifariki. Tumetoka makaburini, tumekaa ukumbini, kahawa ya msiba haijapoa, mzee akasimama akaondoka bila neno. Eero alimfuata, akamkuta nyumba ya mapumziko kando ya ziwa, anapasua kuni za sauna, lile bafu la mvuke la kustarehe. Siku ya kumzika mkewe, mtu anawasha sauna.

Tangu siku ile hawajasemeshana. Hata simu.

Basi mwezi wa nne mzee alikuja dukani kukaza skrubu ya miwani. Nikakaza. Hakuondoka. Akasimama anaangalia fremu za wanawake.

"Mzee, unataka kubadilisha muonekano?" nikamtania.

"Huwa unaandika mambo ya muziki," akasema.

"Naandika."

"Huyu wetu anaimba nini siku hizi?"

Nyie... miaka saba! Nilimwonea huruma mpaka bisibisi ikanidondoka. Nikachukua simu yake, nikamwekea albamu yote, ingawa kutunza siri ni sharti la kwanza la kupewa kopi hizi.

"Sikiliza peke yako mzee. Usimpe mtu."

"Nimpe nani? Mimi nina nani?"

Kisha akaniambia jambo ambalo ndilo lililonifunga.

"Na wewe usimwambie Eero kwamba nasikiliza. Akijua, ataanza kuniimbia mimi. Mwache aimbe anachotaka."

Nikamwapia.

Jumapili baada ya shoo, asubuhi, nikapanda hadi ghorofa ya tatu. Mzee alikuwa ameshatandika meza, kahawa na maandazi ya iliki.

"Mzee, ule muziki ulimpa nani?"

"Hakuna."

"Mzee."

Akakoroga kahawa ambayo haina sukari.

"Niliwatumia jamaa tu. Wa kiwandani."

Mzee Reijo alifanya kazi kiwanda cha karatasi miaka thelathini na nane. Wastaafu wa pale wana kundi lao kwenye simu, la picha za samaki na taarifa za misiba.

"Jamaa wangapi?"

"Arobaini na mmoja. Wawili wameshakufa, ila hatujawatoa."

Akanionyesha. Aliweka nyimbo zote kumi na mbili, na chini yake akaandika maneno manne: Huyu ni kijana wangu. Majibu yakafuata, dole gumba, dole gumba, mtu kauliza kama anaimba kwa Kifini. Mmoja wao akampa mkwewe, mkwe akaitupa mtandaoni, na dunia nzima ikaipata.

"Nilidhani nikiwapa watu wengi ndiyo namsaidia," akasema. "Si ndivyo muziki unavyotaka? Usikilizwe?"

Nilikuwa nimekuja na hasira. Zikaniisha.

"Lakini mzee, wimbo wa nne anasema umekufa. Na hao jamaa zako wote wameusikia."

"Nimeusikia na mimi."

"Na ukawatumia hivyohivyo?"

"Anaimba vizuri," akasema.

Nikaliweka andazi chini. Nikamuuliza swali ambalo hakuna aliyewahi kumuuliza, hata mimi niliyekunywa chai kwake tangu nina miaka mitano. Kwa nini sauna, siku ile?

"Ilikuwa Jumamosi. Mke wangu Aila alikuwa akiiwasha sauna kila Jumamosi saa tisa. Ilipofika saa tisa sikujua nifanye nini kingine."

Akaniomba nisimwambie Eero. Atamwambia mwenyewe. Nimpe siku chache tu apange maneno.

Nikakubali. Eti siku chache.

Wiki mbili zile, ndugu zangu, nilioga matusi. Komenti elfu tatu. Kumbi mbili ziliniandikia kwamba nisikanyage. Shoo ya mabinti wawili wa rap kutoka mtaa wa Hervanta, ambayo niliisubiri tangu Januari, niliisikilizia nje ya uzio kama mbuzi. Nilimletea mteja miwani yake, akaniuliza kama nimeshavujisha namba za macho yake. Watu dukani wakacheka, na mimi nikacheka, halafu nikaenda chooni kulia.

Jina la miaka tisa lilikwisha alasiri moja. Kila nikitaka kuandika ukweli namwona mzee na kile kijiko chake cha kahawa. Nafunga simu.

Na kuna kitu kilikuwa kinanikereketa. Eero hakunipigia. Mtu mmekua naye, mmeibiana hadi pipi, unagundua kakuuza, humpigii hata simu ya kumtukana? Unangoja mbele ya watu mia sita?

Jibu liliingia dukani Alhamisi, limevunja miwani.

Alikuwa mzee Pentti, wa kundi lile la kiwanda. Mzee wa maneno mengi, na kwetu wazee wa namna hiyo ni wachache.

"Wewe si rafiki wa yule kijana wa Reijo? Mwambie hana adabu."

"Kafanya nini tena?"

"Nilimpigia kumpa hongera. Nikamwambia baba yako katutumia nyimbo zako, anajisifu mpaka tumechoka. Kijana kanikatia simu."

Nikaiweka fremu mezani.

"Ulimpigia lini, mzee?"

"Jumatano. Baada ya Juhannus, sikukuu ya kiangazi... hapana, kabla. Jumatano kabla ya ile shoo yake."

Jumatano. Shoo ilikuwa Jumamosi.

Alijua. Siku tatu nzima kabla ya kunisimamisha kwenye lile jua, Eero alijua ni baba yake.

Sikumaliza zamu. Nilimkuta studio, chumba cha chini kilichobandikwa magodoro ukutani, anakula mkate mbele ya kompyuta.

"Pentti alikupigia Jumatano," nikasema.

Akaacha kutafuna. Hakujaribu hata kuongopa, hilo nampa.

"Ndiyo."

"Kwa hiyo ulijua."

"Nilijua."

"Nimerushiwa soseji, Eero. Nimefukuzwa kila ukumbi wa mji huu. Kwa nini mimi?"

Akaweka mkate chini. Mtu huyu anaweza kukuchania mistari mia bila karatasi, lakini pale alikuwa anaokota neno mojamoja.

"Watu walitaka jina. Ningemtaja yeye, ningelazimika kumpigia."

"Enhe?"

"Sikuweza kumpigia. Wewe nilijua utavumilia."

Soma tena hapo, ndugu yangu. Alinichoma mimi kwa sababu kumshitaki baba yake kungemlazimu kumsemesha. Mimi nilikuwa rahisi zaidi.

Sikumtukana. Nilitoa simu, nikampigia mzee Reijo, nikaweka sauti juu, nikailaza mezani katikati yetu.

"Haloo. Outi? Umekula?"

Eero akawa mweupe.

"Nimekula mzee."

"Wamekusumbua tena leo?"

"Kidogo."

"Vumilia, binti. Nitamwambia mwenyewe. Nimeanza kuandika kwenye karatasi, nisije nikasahau. Nimefika nusu." Akakohoa. "Unadhani nianze na mama yake au nianze na ule wimbo?"

Nilimtazama Eero. Midomo ilikuwa inacheza. Ilikuwa imebaki neno moja tu, hata "baba" peke yake lingetosha.

Akanyoosha kidole, akabonyeza kitufe chekundu.

Akageukia kompyuta. Kisha akasema, bila kunitazama:

"Usimwambie kwamba nilikuwepo."

Hapo ndipo nilipoelewa.

Mzee: usimwambie Eero nasikiliza. Mzee tena: usimwambie Eero ni mimi. Na sasa Eero: usimwambie baba nilikuwepo. Nilikuwa najiona mtu mwema, mtunza siri, daraja. Kumbe mimi ndiye niliyekuwa nawawezesha kukaa kimya. Mzee akiwa na hamu ya mwanawe anakuja dukani kwangu. Mwana akiwa na hasira na baba yake ananirushia mimi. Kila mmoja alinipata mimi, kwa hiyo hakuna aliyemhitaji mwenzake.

Nikachukua simu yangu nikatoka.

Usiniulize kama Eero aliniomba radhi. Aliniandikia jana kwamba atatoa tangazo la kunisafisha, "ila bila kumtaja mzee". Nikamjibu asijisumbue, tangazo naandika mwenyewe. Ndilo hili mnalosoma.

Najifunza kwa kuchelewa, lakini nawaachia: mtu akikwambia "usimwambie baba" au "usimwambie mwanangu", na unaona kabisa wanapendana, usipokee huo mzigo. Mwambie aende mwenyewe. Ukiupokea unadhani unaokoa nyumba, kumbe unawapa sababu ya kutofungua mlango. Na siku mambo yakiharibika, wote wawili watakuwa na mtu wa kumtupia, na huyo mtu ni wewe.

Mzee Reijo, ukurasa huu nilikuwekea kwenye simu mimi mwenyewe, kwa hiyo najua utasoma. Nilikuapia, na leo nimekivunja kiapo. Juzi ulipouliza uanze na mama au na wimbo, Eero alikuwa amekaa mbele ya hiyo simu. Alisikia kila neno. Simu haikukatika yenyewe.

Eero, baba yako ana karatasi mezani, imeandikwa nusu, na siku ile ya msiba aliondoka, lakini si kwa kutompenda mama yako. Muulize ilikuwa saa ngapi.

Sasa wote mnajua, na mimi sina tena cha kuwafichia.

Mnaweza kunichukia wote wawili. Sawa tu, mradi mnichukie mkiwa meza moja.