Kikombe cha Bibi Ida

Hivi wewe, ulishawahi kuona glasi ya maji ikikauka mkononi mwa mtu kabla haijafika mdomoni?

Haya. Ilikuwa Bombambili, nyumbani kwa Kajetani, siku ya kumbukumbu ya mwaka mmoja wa mama yake, Bibi Ida. Turubai limefungwa, spika zinapiga kwaya, pombe ya ugimbi imeiva kwenye mapipa, ukoo mzima umevaa fulana zenye sura ya bibi: TUTAKUKUMBUKA DAIMA. Wamekodi na drone. Full package! Mama wa watu alilazwa kwenye godoro lililotoboka, leo anakumbukwa kutoka angani.

Kajetani akamimina maji, akainua glasi, akakuta tupu.

"Jane, glasi zako siku hizi zinavuja?" akamtania mkewe.

"Hiyo ni mpya, baba Valence."

Akamimina tena. Tupu. Sakafuni hapana hata tone. Ila sebule nzima ikanuka ugoro, na nyuma ya ugoro, mkojo mkavu. Wakaacha kucheka. Wote wawili walijua harufu ile imetoka chumba gani.

Chumba cha uani, chenye komeo kwa nje. Bibi Ida alilima mahindi ya watu na kupika ugimbi wa kuuza mpaka macho yakaungua moshi, ili Kajetani asome. Akasoma kweli. Uzeeni bibi akaanza kuloanisha godoro, na Jane akaja na solution: asipokunywa, hatakojoa. Kajetani, mtu mwenye shahada, akaona hiyo ni akili. Bibi akawekewa ugali mkavu na funda moja la kushushia, komeo likarudishwa. Mchana kutwa akagonga mlango kwa kikombe chake cha bati, ko, ko, ko, akiomba maji kwa Kingoni chake: "Manji, mwana. Manji." Ndani wakaongeza sauti ya redio.

Halafu kaburini Kajetani akasimama na suti yake kusoma wasifu wa marehemu. Alizaliwa, akabatizwa, akaolewa, "na sisi wanawe tulimhudumia mpaka pumzi ya mwisho." Watu wakalia. Nonsense.

Sasa, siku hii ya kumbukumbu, jua lilipofika utosini, midomo ya Kajetani ilikuwa imepasuka. Alijaribu soda, akajaribu uji, akakinga mdomo bombani; kila kitu kiligeuka vumbi juu ya ulimi. Katekista akamnyunyizia maji ya baraka, matone yakaishia hewani. Ndipo Valence, mwanawe, akapanda bodaboda kumfuata Mzee Muhsini, mganga wa Nalasi aliyekuwa mjini kwa mkwewe.

"Shikamoo, mzee," Jane alinong'ona mlangoni.

"Marahaba, mama." Mzee akanusa, akatega sikio. Kutoka uani: ko, ko, ko, na mnong'ono, manji, manji. "Mlio huu mmeusikia tangu lini?"

"Tangu tuzike. Tulidhani panya."

"Panya wa hapa wanaomba maji kwa Kingoni?"

Jane akamwongoza sebuleni, kwa Kajetani.

"Astaghfirullah. Sikilizeni," mzee akashusha sauti. "Mama yenu amepumzika. Huyu ni jini. Alikuwa naye mle gizani, na katika nyumba nzima yeye peke yake ndiye aliyemsikiliza. Sasa anamdaia haki yake."

"Mfukuze, mzee wangu," Kajetani alikoroma.

"Simfukuzi mwenye haki. Ule wasifu uliosoma, kausome upya mbele ya watu walewale, safari hii kweli tupu. Ukisema, utakunywa. Usiposema, mimi sina dawa."

Basi Kajetani akatoka, akishikiliwa na Valence, akaishika maikrofoni, akawatazama padre na mabosi wenzake na mashemeji waliotoka Mbinga na magari yao, na mbele ya macho hayo yote aibu ikamwuma kuliko kiu, akafumba macho akasema, "Mama yetu tulimhudu..." na neno halikuisha, kwa sababu vumbi jekundu lilianza kumtoka mdomoni na puani, likashuka kifuani juu ya sura ya mama yake, na mapipani ugimbi ukanywea kwa mfyonzo mmoja mrefu zikabaki pumba, na kwenye spika zote ikasikika, si sauti yake, bali bati juu ya mbao, ko, ko, ko, na koo kavu la kikongwe likisema, polepole, bila hasira yoyote, "Manji, mwana."

Akaanguka. Walipomgusa, alikuwa mwepesi kama bua la mahindi la msimu uliopita.

Mzee Muhsini alimfunika kwa koti lake. Jane akapiga yowe, akanyakua glasi ya jirani ili ajishushie kwikwi. Akaitazama. Tupu. Ugoro ukanuka palepale alipokaa.

Maikrofoni iko chini hapo, Jane, bado inawaka. Iokote. Taja nani alikuwa anarudisha komeo. Nanyi majirani na mashemeji, mliosikia kikombe kikigonga mlango mkasema hayo ni ya ndani ya familia, vueni hizo fulana, jipangeni nyuma yake, mseme mmoja mmoja. Semeni sasa hivi, kabla hamjashikwa na kiu.