Kifungu cha Sita

Asubuhi ile ya mwaka wa arobaini na tisa, langoni pa kiwanda cha mbao cha Keko hapakuwa na pa kuweka kisigino. Kazi zilikuwa thelathini, waliozitaka walipita mia mbili, na nyapara Didas alikuwa akiwapanga foleni kwa mjeledi, hachagui kichwa wala mgongo. Mwajabu alikuwa amekaa kando na sinia lake la vitumbua, amejitanda kanga mpya ya rangi ya zambarau, akimtazama kaka yake Mfaume akipenya kwenda mbele. Mara mjeledi ukalia, umati ukarudi nyuma kwa kishindo. Sinia likapinduka, Mwajabu akaenda chini, na miguu ikaanza kumpita juu.

Mkono ukamshika kwapani ukamvuta pembeni. Aliponyanyua macho aliona soksi ndefu nyeupe, kaptula nyeupe iliyonyooshwa kwa pasi, kisha uso wa kijana anayetoka damu puani. Mtu alikuwa amempiga kiwiko wakati anamwokoa.

"Umeumia, bibie?"

"Walioumia ni vitumbua vyangu."

Kijana akacheka, damu ikimchuruzika hadi kwenye kola. Jina lake Jabiri, mtu wa Kilwa, karani wa kiwanda. Baadaye kidogo alipanda juu ya kasha akawasomea mkataba wale waliopata kazi, akiutoa kwenye Kiingereza na kuutia kwenye Kiswahili kwa sauti tulivu. Mwajabu hakushika hata neno moja la mkataba. Sauti ndiyo aliyoishika. Mfaume akachovya dole gumba kwenye wino, akaligandamiza kwenye karatasi, akatoka anachekelea.

Tangu siku hiyo karani akawa mteja.

"Vitumbua saba, Jabiri, utavila peke yako?"

"Sita vyangu. Cha saba ni kisingizio cha kurudi kesho."

"Basi una tumbo la nyapara."

"Na moyo je, wa nani?"

"Huo sijauona. Vua kwanza hizo soksi, pengine umeuficha humo."

Walipendana hivyo, kwa maneno ya mzaha langoni, kisha kwa matembezi ya jioni barabara ya Kilwa mpaka karibu na Mtoni, alikokuwa akiishi Mwajabu na kaka yake. Baba yao alikuwa amefariki, kwa hiyo Mfaume ndiye aliyekuwa walii wake. Naye alimpenda Jabiri. "Mtu msomi, na hana makuu," alisema. "Alete mshenga tu."

Mshenga hakuwahi kuja. Siku moja ya Alhamisi msumeno mkubwa uligonga fundo la mvule, gogo likaruka, na mkono wa kulia wa Mfaume ukaingia mahali ambapo gogo lilikuwa. Vidole viwili vilibaki kwenye unga wa mbao. Kiganja kilipasuka hadi mfupa ukaonekana. Walimmwagia mafuta ya taa, wakamfunga kwa gunia, na Didas akamwinamia pale alipolala.

"Kesho usipofika, nafasi yako ina watu langoni."

Mfaume akafika kesho yake. Akafika na siku iliyofuata, akibeba mbao kwa bega na mkono mmoja, homa ikimtetemesha meno. Siku ya nane mkono ulikuwa umevimba kama mkate na unanuka hata kwa aliye nje ya mlango. Mwajabu alimpeleka hospitali kwa mkokoteni. Daktari hakubishana nao. Akaukata chini kidogo ya kiwiko. Mfaume aliporudi nyumbani, jina lake kiwandani lilikuwa limekwisha kufutwa.

Jabiri alikuja Mtoni alasiri moja bila kofia. Mwajabu alikuwa akitwanga mchele wa vitumbua. Mfaume amekaa barazani, mkono wa shati ukining'inia mtupu.

"Nina neno," Jabiri alisema, "na nataka nilisemee mbele yenu wote wawili. Siku ile langoni nilisoma vifungu vinane. Mkataba una tisa. Cha sita nilikiruka."

"Kinasemaje?" Mfaume akauliza.

Jabiri alikuwa amekihifadhi kwa moyo. "Mtu akiugua au akiumia kazini, atapumzika mpaka apone, muda usizidi miezi miwili, na mshahara wake na posho yake havitakatwa, wala hatafukuzwa. Na akiuguliwa na mke, mtoto au mzazi, atapewa siku saba za kumuuguza, kwa masharti hayohayo."

Kuku alipita uani akidonoa. Mwajabu akasimama, mchi ungali mkononi.

"Kwa nini ulikiruka?"

"Meneja aliniamuru. Alisema wakikisikia, kila siku kutakuwa na wagonjwa. Nikaogopa kufukuzwa."

"Na siku aliyokuja kazini mkono umefungwa gunia. Ulimwona?"

"Nilimwona."

"Ukafanya nini?"

"Niliinama. Nikaandika mahudhurio."

Mchi ulimpata begani, akapiga goti. Pigo la pili likampata ubavuni, na la tatu lingemfikia kichwani kama Mfaume asingeruka na kuukamata mchi kwa mkono wake wa kushoto.

"Mwache," alisema, anahema. "Ukimuua huyu, nani atawasomea wenzangu?"

Jabiri aliinuka taratibu, akaondoka ameshika mbavu, bila kugeuka nyuma.

Asubuhi yake Mwajabu alikwenda langoni bila sinia. Hakujua kama alikuwa amefuata kushuhudia au kumalizia. Wafanyakazi walikuwa wakiingia zamu. Jabiri akavuta kasha, akapanda juu yake, akafungua karatasi.

"Kifungu cha sita," alisoma, na sauti ilikuwa ileile. "Mtu akiugua au akiumia kazini..."

Didas hakungoja amalize. Alimpiga kwa mpini wa mjeledi, juu ya sikio la kushoto, na mlio wake Mwajabu aliusikia kutoka ng'ambo ya barabara. Jabiri aliyumba, akajishika, akaanza upya kutoka neno la kwanza. Pigo likaja tena palepale. Damu ikatoka ndani ya sikio ikaingia kwenye kola. Alisoma akiwa amepiga magoti, kisha akiwa amelala, mpaka mwisho wa siku saba za kumuuguza mke, mtoto au mzazi.

Kisha Adelard, fundi mwembamba kutoka bara ambaye mkewe alikuwa amekufa na uzazi yeye akiwa zamuni, akaokota ubao wa mninga, akamvunja nao Didas meno ya mbele.

Hapo ndipo palipochafuka. Madirisha ya ofisi yalipasuka. Kupitia tundu la kioo Mwajabu alimwona meneja akizungusha mkono wa simu kama mtu anayesaga kahawa, akipiga kelele ndani yake. Alikimbilia alikolala Jabiri, akafika tu kumshika kichwa, na lori la askari likafika. Rungu likampata mgongoni. Wakamnyang'anya Jabiri mikononi wakamtupa garini pamoja na Adelard na wengine kumi na moja.

Afisa wa Kazi wa serikali alikuja wiki ile ile, akaketi ofisini na mkataba mbele yake. Mfaume akalipwa mapumziko yake ya miezi miwili, na tangazo la kifungu cha sita likabandikwa langoni kwa Kiswahili. Jabiri hakuonekana. Didas, mdomo umefungwa kitambaa, alieneza habari: karani yuko Tanga, amepewa kazi nzuri zaidi, ndiye aliyewataja wenziwe kwa polisi.

Mwajabu alikataa kuamini kwa siku tano. Siku ya sita akaichana kanga ya zambarau vipande viwili akapangusia nayo sufuria.

Miezi mitatu ikapita. Adelard akapiga hodi Mtoni, amenyolewa kipara, amekonda.

"Nimetoka jela leo," alisema. "Jabiri amebakiza majuma matatu. Walitaka awataje walioanza ugomvi. Akasema ni yeye peke yake, wakamwongezea kifungo. Ananiuliza kila siku kama bega lake limekuuma."

"Bega lake liniume mie?"

"Ndivyo anavyosema. Eti ulilipiga kwa nguvu sana, huenda mikono yako iliumia."

Mwajabu akaingia ndani akalia. Kesho yake alikuwa jela, upande huu wa wavu.

"Hamia huku kulia," Jabiri alisema. "Sikio la kushoto haliko kazini."

"Limepewa mapumziko?"

"Ya kudumu. Bila mshahara."

Jabiri alicheka, kisha akashindwa kuendelea kucheka. Mwajabu akapitisha vidole kwenye wavu.

"Ukitoka nenda kwa kaka. Usitume mshenga. Nenda mwenyewe."

Alikwenda. Mfaume hakumkaribisha kiti.

"Ulipopanda kwenye kasha ulijua utapigwa?"

"Nilijua."

"Na uliporuka kile kifungu, ulijua nitakatwa?"

"Hilo sikulijua. Lakini nilijua kuna mtu ataumia."

"Dada yangu anakutaka, na mie sitamnyima. Ninakupa dada. Msamaha, ungoje."

Nikaha ilifungwa Ijumaa baada ya sala. Mwajabu alikuwa chumbani, piko mikononi, akichungulia kando ya pazia. Sheikh akamwambia walii ashike mkono wa bwana harusi. Mfaume akatoa wa kushoto. Sheikh akasita, akatazama mkono wa kanzu uliopinduliwa na kufungwa pini, akatikisa kichwa kukubali.

"Nimekuozesha dada yangu Mwajabu binti Saidi kwa mahari tuliyokubaliana."

Jabiri hakujibu. Watu wakatazamana. Mfaume akasogea upande wa pili, akainama kwenye sikio la kulia, akarudia kwa sauti iliyofika hadi chumbani.

"Nimekubali kumuoa," Jabiri akasema.

Vigelegele vikapaa. Sheikh alikuwa ameshaanza dua, lakini Mfaume hakuuachia mkono ule. Aliukaza mpaka vidole vya Jabiri vikabadilika rangi, na Jabiri, machozi yakimlengalenga, hakuuvuta.