Karatasi ya Masizi

Soko la Mtendeni lilikuwa limefurika siku ile kijana mmoja wa kaptura nyeupe iliyopigwa pasi aliposimama mbele ya Tekla.

"Mafuta ya taa, dada. Chupa tatu."

"Tatu! Kwako kuna taa ngapi, kaka?"

"Mwanga siutaki. Nataka moshi."

Tekla alicheka mpaka kilemba kikalegea. Lugembe, ndilo jina la kijana, alikuwa mtumishi wa maabara ya dawa za malale. Karatasi, alimweleza, hufukizwa moshi hadi iwe nyeusi, ikavishwa pipa dogo linalozunguka kama saa. Hapo sindano huchora mapigo ya moyo wa chura, kabla ya dawa na baada yake.

"Na moyo wa mtu?"

"Huchorwa pia. Kinywa hudanganya, bibiye, sindano haidanganyi."

Tangu hapo alirudi kila Jumamosi, mafuta yaishe yasiishe. Lakini hakutamka neno la mapenzi. Anselm, seremala, alipoleta posa kwa shangazi, Tekla alimpelekea Lugembe ujumbe: "Shangazi anajibu Jumapili. Kama una la kusema, sema."

Ijumaa ikaja bahasha ya Lugembe. Ndani, karatasi nyeusi tii, bila hata herufi moja. Masizi yakamwagikia gauni lake jeupe la kanisani.

"Umepakwa masizi mchana kweupe, mwanangu," shangazi akasema. "Akukatae vipi tena?"

Tekla hakulia. Kesho yake alilivaa gauni lile lile, doa kifuani, karatasi mkononi, akakatiza mji mzima watu wakimkodolea macho, hadi mlangoni pa maabara.

"Doa lako hili. Lifue mwenyewe!"

Lugembe akaitazama karatasi, akashika kichwa. "Mama yangu! Sikuichovya vanishi ya kushika masizi! Nilikuwa na haraka, mistari yote imefutika."

"Mistari gani?"

"Ya moyo wangu, Tekla. Ulisema niseme."

Tekla akampima kwa macho. Kisha akanyoosha mkono. "Nifunge na mimi."

Lugembe akamfunga mrija wa mpira kwenye kifundo cha mkono. Pipa likazunguka; sindano ikaruka kama panzi.

"Moyo unakimbia hivyo kwa nini?"

"Hasira."

"Hasira tupu?"

"Nusu. Sasa jifunge na wewe, halafu uzichovye zote mbili. Leo siondoki mpaka zikauke."

Jumapili, baada ya misa, karatasi mbili zililala mezani kwa shangazi, na Lugembe amesimama mlangoni, kofia mkononi.

"Masizi tena?"

"Sugua, shangazi," Tekla akasema.

Shangazi akasugua kwa nguvu, akakitazama kidole chake. Kisafi. Akasugua tena. Kisha akamvutia Lugembe kiti.

"Baba, hebu kaa."